Karatasi inasema simu imepotea, wewe unasema umeporwa

Barua za wasomaji mwezi huu zinajibiwa na sajini mstaafu wa polisi aliyekaa kaunta ya kituo kwa miaka 19.

Shikamoo Mama. Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka kazini usiku, vijana wawili wakanizuia njiani. Mmoja alinionyesha kisu, mwenzake akachukua simu na pochi. Nilikwenda kituoni usiku uleule. Askari alinisikiliza vizuri, akaandika, akanipa karatasi. Nilipofika nyumbani nikaisoma: "Amepoteza simu na pochi akiwa njiani." Kesho yake nilirudi kumuuliza, akaniambia karatasi hiyo inatosha kurudishiwa laini, na hata akiandika vingine simu haitapatikana. Je, nihangaike tena? – Niliyeporwa

Marahaba mwanangu, na pole sana. Hangaika. Rudi kituoni, na ikibidi rudi mara mbili.

Kitu kilichopotea hakina mkosaji. Ukishaandikiwa "amepoteza", hakuna jalada linalofunguliwa wala mpelelezi anayepangiwa, na mwisho wa mwezi usiku wako haumo kwenye hesabu ya unyang'anyi. Kisu ulichoonyeshwa hakipo. Vijana wale wawili hawapo. Askari alisema kweli kwamba karatasi ile inatosha kurudisha laini, maana kazi yake ndiyo hiyo. Lakini wewe ulikwenda kusema kwamba kuna watu wawili wenye kisu kwenye njia ile, na hilo halikuandikwa popote.

Ninalijua jambo hili kwa mkono wangu mwenyewe. Mwaka wangu wa sita kaunta tulipata mkuu wa kituo mpya. Kila Jumatatu alikuwa anachukua kitabu, anahesabu makosa ya wiki iliyopita, analinganisha na wiki kama hiyo mwezi wa nyuma. Unyang'anyi ukipanda, yeye ndiye aliyetakiwa kujieleza kwa wakubwa wake. Hakuwahi kutuamuru tuandike uongo. Alikuwa akiuliza tu, huku kidole chake kikiwa juu ya mstari: "Una hakika huu ni unyang'anyi?" Baada ya Jumatatu tatu au nne tulikuwa tumeshaelewa.

Jioni moja akaja mama mmoja, blauzi imechanika begani pale mkanda wa mkoba ulipovutwa. Alisema kijana mmoja alimkaba shingo na mwingine akavuta mkoba. Nikaandika: "Amepoteza mkoba wenye fedha na funguo." Hakujua kusoma. Nilimsogezea kidau cha wino, akaweka dole gumba chini ya maneno ambayo hakuyasema.

Mwezi uleule, kwenye kichochoro kilekile, kijana mmoja alichomwa kisu mkononi, na vidole vyake viwili havikufanya kazi tena. Mpelelezi akaja kaunta kuniuliza kama kitabu kina habari yoyote ya eneo lile. Nilifungua kurasa za wiki tano. Kwa mujibu wa kitabu, kichochoro kilikuwa salama. Kulikuwa na watu wanne tu waliopoteza vitu. Nilimsomea zile taarifa nne moja baada ya nyingine, nikamwambia watu wale walikuwa wamenieleza nini hasa. Hakunikaripia. Alichukua kalamu akaanza kuandika saa za matukio, na zote zilikuwa kati ya saa moja na saa tatu usiku. Tulifanikiwa kuwapata watatu kati ya wale wanne, wakaandika maelezo upya. Yule mama wa mkoba hatukumpata.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kuondoka nyumbani, kaa uandike kwenye karatasi yako. Na uanze na kitendo, usianze na mali. Askari wa zamu aliyesikiliza watu thelathini tangu asubuhi huandika lile analolisikia kwanza. Ukifungua mdomo kwa "nimekuja kuhusu simu yangu", ameshaandika simu. Sema: "Watu wawili walinizuia, mmoja akanitishia kwa kisu." Kisha sema mahali, na usiseme jina la mtaa peke yake, sema ni karibu na nini, upande gani wa barabara. Sema saa, hata kama ni ya kukadiria. Sema walielekea wapi, walizungumza nini, walivaaje, na kama kuna aliyeona. Mali ije mwisho. Simu ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15. Iko kwenye boksi ulilonunulia, na kwa simu yoyote utakayokuwa nayo baadaye bonyeza *#06# uinakili mahali pa kudumu kabla haijaibiwa.

Akimaliza kuandika, mwombe akusomee au usome mwenyewe. Usisaini kabla. Neno "amepoteza" likiwa bado lipo, liseme hapohapo, kwa sauti ya kawaida: "Sikupoteza, niliporwa kwa kutishiwa kisu, naomba iandikwe hivyo." Ondoka na namba ya taarifa, ile ambayo wengine huiita RB na wengine OB, pamoja na tarehe na jina la aliyekuandikia. Ukiombwa fedha ili uandikiwe, usitoe. Kupokea taarifa ya uhalifu ni kazi ambayo askari ameshalipwa mshahara kuifanya.

Akikataa, muulize mkuu wa kituo yuko wapi. Naye akikataa, andika barua fupi nakala mbili, ipeleke ofisi ya polisi iliyo juu ya kituo hicho, wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Barua yenye muhuri inasumbua kuliko mtu anayelalamika mlangoni, kwa sababu lazima ijibiwe na mtu mwenye jina.

Wala usidhani ni kituo chenu peke yake. Nchini India ilibidi jambo hili lifike Mahakama ya Juu. Mwaka 2013, kwenye shauri la Lalita Kumari dhidi ya serikali ya Uttar Pradesh, majaji watano waliamua kwamba taarifa ikionyesha kosa ambalo polisi wanaweza kulikamatia bila hati, kuiandikisha ni lazima, siyo hiari ya askari. Na kabla ya hapo, kwenye jimbo la Rajasthan, watafiti kwa kushirikiana na polisi walituma watu waliojifanya wameibiwa waende vituoni kuona kama wataandikiwa. Vituo vikajua kwamba yeyote anayeingia anaweza kuwa mpimaji. Wapimaji walivyozidi kurudi, uandikishaji ukawa bora. Naliamini hilo kabisa. Ningeandika vingine siku ile kama ningedhani yule mama anaweza kuwa mkaguzi.

Simu yako huenda usiione tena, sitakudanganya. Rudi hata hivyo.

Shikamoo Mama. Mimi na baba tumekuwa na mabishano tangu juzi. Redio ilitangaza kwamba makosa yaliyoripotiwa polisi yamepanda kuliko mwaka jana. Baba anasema huo ni ushahidi kwamba nchi imeharibika. Mimi nasema labda watu wameanza kuripoti. Nani yuko sahihi? – Mtoto wa mwalimu

Marahaba. Kwa namba hiyo moja, hakuna kati yenu anayeweza kumshinda mwenzake.

Namba ya redio inatoka kwenye vitabu kama nilichokuwa nacho mimi. Inahesabu watu waliofika kaunta, wakasikilizwa, wakaandikwa. Nyuma yao wapo walioibiwa wakalala, walioona kituo kiko mbali, waliomwogopa jirani aliyewaibia, waliowahi kufika wakafukuzwa, na wale ambao aliyewadhulumu alikuwa amevaa sare. Wote hao hawapo kwenye namba. Mbelgiji Adolphe Quetelet aliliona hilo tangu miaka ya 1830, alipokuwa akipekua takwimu za mahakama za Ufaransa: alisema makosa tunayoyajua ni sehemu tu ya jumla tusiyoijua, na namba zetu zina maana ikiwa tu uwiano wa sehemu hizo mbili haubadiliki. Kwenye nchi inayojenga vituo vipya, inayogawa simu kwa kila mtu, au ambayo imani yake kwa polisi inapanda na kushuka, uwiano huo hautulii hata mwaka mmoja. Fungua kituo kipya mahali ambapo hapakuwa nacho, na makosa ya pale yatapanda mwezi wa kwanza. Hakuna mwizi mpya aliyehamia.

Njia ya kuzunguka tatizo hili ni kuacha kitabu cha polisi na kwenda nyumba kwa nyumba kuwauliza watu: mwaka huu umeibiwa? Umepigwa? Uliripoti? Marekani wanafanya hivyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mara nyingi wanakuta kwamba chini ya nusu ya waliofanyiwa ukatili waliufikisha polisi. Uingereza walianza mwaka 1982. Afrika Kusini walifanya uchunguzi wao wa kwanza wa kitaifa mwaka 1998. Kitu kinachojirudia karibu kila mahali ni wizi wa gari: huo huripotiwa sana, kwa sababu kampuni ya bima haimlipi mtu asiye na karatasi ya polisi. Asiye na bima hana sababu hiyo ya kupanga foleni. Ndiyo maana vitabu vyetu hujaa hasara za wenye nacho, na mfanyakazi wa kibarua anayeporwa ujira wa wiki nzima haonekani.

Kuna kosa moja ambalo mimi hulitazama kwanza, nalo ni mauaji. Maiti ni ngumu kuficha. Ina daktari, ina mazishi, ina ndugu wanaouliza. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu hutegemea mauaji inapolinganisha nchi na nchi, na kwa mwaka 2021 ilikadiria watu wapatao 458,000 waliuawa duniani. Kwa hiyo mwambie baba yako hivi: makosa ya wizi na kupigana yakipanda kwenye vitabu huku mauaji yakibaki palepale, kuna uwezekano mkubwa kwamba watu wanaripoti zaidi. Mauaji nayo yakipanda, hofu yake ina msingi.

Na wewe mwenyewe uwe na tahadhari upande wa pili. Namba ikishuka, usishangilie haraka. Mwaka 2014, wakaguzi wa polisi wa Uingereza na Wales walikuta kwamba asilimia 19 ya makosa ambayo wananchi waliyafikisha polisi hayakuandikwa kama makosa. Hapo ni nchi yenye kompyuta kila meza. Mwaka huohuo mamlaka ya takwimu ya Uingereza iliziondolea namba za polisi hadhi ya kuwa takwimu rasmi za taifa. Na Afrika Kusini, mwaka 2000, waziri wa usalama Steve Tshwete alisimamisha utoaji wa takwimu za uhalifu kwa sababu hazikuwa za kutegemewa. Zilianza kutolewa tena mwaka 2001. Miezi ile yote waporaji hawakupumzika. Wananchi tu ndio walikosa kujua.

Afisa anayepimwa kwa namba kushuka atazishusha, na njia rahisi kuliko zote ya kuzishusha iko kaunta, kwenye ncha ya kalamu. Hilo ndilo lililonifanya nikubali kuandika safu hii.

Mama, naomba usinitaje. Binti wa dada yangu amebakwa jana usiku na mtu tunayemfahamu. Hataki kusikia neno polisi. Mimi nataka tuende. Tufanyeje? – Mama mdogo

Mdogo wangu, barua yako nilikujibu siku ileile niliyoipata. Hapa ninarudia kwa ajili ya wengine.

Hospitali kwanza. Polisi wanaweza kusubiri saa chache, dawa haziwezi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kupita. Dawa ya kuzuia mimba nayo ina nguvu zaidi ikitumiwa mapema. Kama anaweza kuvumilia, asioge na asifue; nguo alizokuwa amevaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa nailoni, kwa sababu nailoni inatunza unyevu na unyevu unaharibu ushahidi. Na kama ameshaoga, mpelekeni vilevile. Msimlaumu hata kwa jicho.

Mwulize daktari kama fomu ya polisi inahitajika ili atibiwe, na kama ipo, mmoja wenu aifuate huku yeye akiendelea kuhudumiwa. Halafu uamuzi wa kushtaki mwachieni yeye, mkae karibu naye. Akikubali, ombeni askari wa kike na chumba chenye mlango. Mji wa São Paulo, Brazil, ulifungua kituo cha polisi cha wanawake mwaka 1985, na nchi nyingi zimeiga kwa vituo au kwa madawati ndani ya vituo. Ulizeni kama lipo kwenu kabla ya kukubali asimulie hadithi ile kaunta, mbele ya watu waliofuata dhamana ya ndugu zao. Nimewahi kuona binti akianza kusimulia hivyo, akanyamaza katikati ya sentensi, akaondoka.

Mtoto wa mwalimu naye asome hapa. Baada ya India kutenga theluthi ya viti vya mabaraza ya vijiji na wilaya kwa wanawake mwaka 1993, makosa dhidi ya wanawake yaliyoandikwa polisi yalipanda kwa asilimia 46. Watafiti waliochunguza walikuta sababu kubwa ni kwamba wanawake walipata ujasiri wa kwenda kuripoti, na polisi wakaanza kuwaandika. Ile ilikuwa habari njema iliyovaa nguo za habari mbaya.

Sajini, heshima yako. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha ulinzi cha wakazi. Watu hawaendi tena kituoni, wanakuja kwangu. Nimenunua daftari niandike matukio. Linafaa kitu, au najisumbua? – Mwenyekiti

Linafaa sana, mwenyekiti, ukilitunza vizuri na ukakubali kwamba haliwi badala ya kituo. Kila unayemwandika, mwambie aende pia polisi, na pale anapoogopa, msindikize.

Nikupe mfano. Mwaka 1992 mji wa Cali, Colombia, ulimchagua daktari kuwa meya, Rodrigo Guerrero. Mji ulikuwa umezama kwenye mauaji, na karibu kila mtu alikuwa na hakika kwamba yote ni ya dawa za kulevya. Daktari yule alifanya kile anachofanya akikuta homa: alitaka kujua nani, wapi, lini. Polisi walikuwa na hesabu yao, waendesha mashtaka yao, madaktari wa maiti yao, na hazikulingana. Akawakalisha meza moja kila wiki mpaka wakubaliane namba. Walipopanga vifo kwa siku na saa, wakaona vimerundikana mwisho wa wiki na siku za mishahara, na kwamba pombe na bunduki vilikuwa pamoja mara nyingi mno. Mji ukapiga marufuku kubeba bunduki kwenye siku hizo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba marufuku ilipokuwa inafanya kazi, mauaji yalikuwa pungufu kwa asilimia 14 kuliko siku nyingine. Bogotá walipoiga, kwao ilikuwa asilimia 13.

Daftari lako ni dogo, lakini maswali ni yaleyale. Chora safu ya tarehe, ya siku ya wiki, ya saa, ya mahali hasa, ya kitendo, ya silaha. Kisha safu moja uiandike kwa wino mwekundu: ameripoti polisi au hapana, na kama hapana, kwa nini, kwa maneno yake mwenyewe. Baada ya miezi mitatu hesabu, uende na nakala kwa mkuu wa kituo. Usiende na kundi. Ukimwambia "uhalifu umezidi" atakujibu kwamba doria zinaendelea. Ukimwambia "matukio tisa kati ya kumi na mbili ni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri, kwenye njia ya kwenda kwenye mabasi", anajua askari wake wawili awapange wapi.

Safu moja usiichore kabisa: jina la anayeshukiwa. Kama mtu amemtambua aliyemwibia, jina hilo aliseme kwenye maelezo yake polisi, lisikae kwenye daftari linalopita mikononi mwa walinzi wa usiku wenye fimbo. Niliwahi kupokea kijana aliyeletwa kituoni juu ya mkokoteni, amepigwa mpaka uso hautambuliki, kwa sababu jina lake lilisomwa kwenye karatasi ya kikundi kama chako. Alikufa kabla gari la kumpeleka hospitali halijafika. Mwenye simu aliikuta asubuhi chini ya godoro lake mwenyewe, akaja nayo kaunta, akaiweka mbele yangu, akaniuliza ataandikiwa nini.